Neno Lile Halikuwa Adui

Isiolo, Alhamisi, baada ya swala ya alasiri

Abaayo Qabale,

Assalaam aleikum, wewe na wote mlio majirani hapo, nasi Mungu akipenda tutawafuata. Hujambo? Najua swali hili halina mlango wa kubisha, lakini tangu nijue kushika kalamu sijawahi kuanza barua bila kuuliza afya, na wewe ndiye uliyekuwa ukinikaripia nikisahau. Umekaa kwenye kigoda, mimi naandika, wewe unasema, "Umemuuliza kama ni mzima? Muulize kwanza. Habari nyingine zitangoja." Basi nakuuliza. Kuhusu maumivu jibu ninalo, hayo uliyaacha huku kwetu, alhamdulillahi. Sisi ni wazima. Mzee wetu ni mzima, ila goti linamsumbua kila akishuka kwenye lori. Burat imenyesha vizuri. Kulamawe mmepata manyunyu tu, lakini ngamia hawalalamiki.

Nakuita abaayo kama siku zote, dada kwa lugha ya kwetu. Wewe ulikuwa ukinicheka, "Mke mkubwa haitwi dada, anaitwa shida." Nakumbuka uliniambia hivyo wiki ya kwanza niliyoletwa kuwa mke wa pili, na mimi nilikuwa nimejikaza kama mtu anayengoja kupigwa, nikashindwa, nikacheka.

Nina habari, na nimejaribu kuipanga vizuri tangu asubuhi, imekataa kupangika. Naisema tu. Hawa amekunywa chai kwangu.

Binti yako, abaayo. Aliyekuita wewe Mama na mimi Mama Taoni, mama wa mjini. Tangu siku ulipozikwa hakutia kitu cha nyumba yangu mdomoni, hata maji. Akija Isiolo anashukia kwa watu wengine, anamsalimia baba yake pale kwenye lori, anaondoka. Mimi nikimwona sokoni nageuza njia ili nisimwone akigeuza yeye. Miaka, abaayo. Ule mwaka wa njaa, wa mahindi ya manjano ya msaada, ulipita, tukala yale mahindi na tumbo likakataa, na miwili mingine baada ya huo. Halafu Jumamosi hii iliyopita amebisha mlango, amevaa nguo za wanafunzi wa uuguzi, ameingia, ameketi kwenye ule mkeka wako mwekundu, amesema, "Mama Taoni, nipe chai." Nilimimina nikamwaga nusu kwenye sahani. Akainywa ile ya kwenye sahani pia.

Ngoja nirudi nyuma, maana kuna mambo hatukuwahi kuyasema mimi na wewe, na mengine hukuyajua.

Unakumbuka siku uliponionyesha. Ulikuwa umekuja na lori la vibuyu vya maziwa, ukasema mgongo unauma, ukaniita chumba cha ndani na kufunga pazia. Ukachukua mkono wangu ukauweka kwenye titi la kushoto, ukaniuliza, "Hii ni nini?" Kilikuwa kigumu kama mbegu ya kunazi. Mimi nikasema ni maziwa yamelala, mwanamke aliyenyonyesha watoto wanne lazima abaki na kitu. Tukakubaliana asijue mtu. Kila ukija nakusugua kwa samli ya moto, nasoma zile aya ninazozijua, wewe unafumba macho. Miezi mitatu, minne. Mbegu ikawa limau. Hapo ndipo nilipoogopa nikamwambia Mzee, na wewe ukanuna wiki nzima kwamba mimi sina kifua cha siri.

Kosa letu ni hilo, abaayo. Nataka niliseme kwanza, ili yale mengine yakiniondoka nisijifanye sina deni lolote. Tulificha. Tulificha wawili, wewe kwa haya na mimi kwa kukutii.

Halafu kaka yako Guyo akakupeleka hospitali kubwa ya Nairobi, kwa sababu Mzee alikuwa amekwama na lori huko njia ya Moyale. Mlikaa huko mwezi. Siku mliporudi nilikuwa nimechinja kuku. Wewe ulilazwa chumba cha ndani nyuma ya lile pazia, umekuwa mwepesi kama nguo iliyoanikwa. Guyo akaketi sebuleni na Mzee, na wazee wawili wa jamaa zenu, na mimi namimina chai. Mzee akauliza daktari amesema nini. Guyo akasema, nakumbuka kila neno:

"Daktari alisimama hapo kwa kitanda na wanafunzi yake, akaongea Kizungu mrefu. Mimi nikauliza mtu wa kupanguza sakafu, huyu mzungumzo ni nini? Akaniambia, daktari anasema ndani yake iko adui. Adui inazuia. Adui imezidi."

Mzee mmoja akauliza, "Adui gani?"

Nilikuwa nimeinama na birika. Nilipoinua uso, wote walikuwa wananitazama. Guyo akaweka kikombe chini kikiwa kimejaa, akakisukuma mbali kwa kidole kimoja, hivi, kama unavyosukuma kitu chenye nzi.

Kwani adui wa mwanamke ni nani? Hata mtoto mdogo wa Isiolo anajua. Ukisema "adui yake" bila jina, watu wanamtafuta mke mwenzake. Na ni mkono wa nani uliokuwa wa kwanza kugusa titi lile? Guyo alilisema hilo pia, baadaye, mbele ya mlango wangu, majirani wanasikia: "Hii mkono yake ndio iligusa. Ilipaka samli, ikasomea. Alisoma nini? Nani alisikia?" Jioni hiyo hiyo akakubeba Kulamawe. Mzee wetu alitoka nje. Unamjua, yeye akichanganyikiwa anakwenda kukagua magurudumu. Alikagua magurudumu mpaka magharibi.

Sikuruhusiwa kuja kwako tena. Nilikuja mara moja, Guyo akanisimamisha kwenye uzio wa miiba, nikarudi na lori lile lile. Ulipofariki sikuoshwa na machozi peke yake, niliungua, kwa sababu kukuosha wewe ilikuwa haki yangu na walikuosha wengine.

Lakini kilichonila si Guyo. Kilichonila ni pazia. Wewe ulikuwa nyuma ya pazia siku ile na sauti ya Guyo si ya kunong'ona. Ulisikia. Nilichotaka kujua, usiku na mchana, kwenye swala na kwenye sufuria, ni kitu kimoja: je, uliamini?

Na sasa nikuambie kile ambacho hata Mzee hajui. Mimi mwenyewe nilianza kuamini. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, ile Idi ambayo Mzee alikuja kwenu na nguo mpya na mimi nikabaki mjini na homa, niliomba dua mbaya. Nilisema, Ee Mungu, mwondolee huyo mwanamke raha ya kifua. Kifua, abaayo. Nilimaanisha majivuno yako, ile namna yako ya kutembea kama unabeba bendera. Baadaye nilikujua, nikakupenda, nikasahau. Ulipougua kifua nikakumbuka. Miaka hii yote nikisujudu nasikia sauti yangu ya kisichana inaomba lile neno. Nikadhani labda dua ilichelewa njiani ikafika. Nikadhani Guyo ana makosa ya namna tu, lakini mtu amempata.

Sasa sikiliza alichokuja kusema Hawa.

Pale anaposomea uuguzi amezungushwa wodi mbalimbali, na wodi moja akamkuta daktari aliyekutibu. Amezeeka kidogo, anasema, lakini ni yuleyule mwenye miwani iliyofungwa na plasta. Hawa ni wako kabisa, hana woga. Akamfuata kwenye veranda akamwambia, "Daktari, mama yangu alikuwa mgonjwa wako. Nataka kujua adui yake alikuwa nani." Daktari hakuelewa. Hawa akamweleza yote, mpaka kile kikombe cha Guyo. Anasema yule mzee wa watu alivua miwani, akaketi kwenye ngazi pale pale, wauguzi wanapita wanamshangaa.

Akamwambia siku ile alikuwa akifundisha wanafunzi wake. Hakuwa akimpa mtu habari. Alikuwa anafikiri kwa sauti. Lile neno alilolitumia ni refu, la Kizungu, Hawa ameniandikia kwenye karatasi na mimi ulimi wangu umelikataa. Mtu wa kupanguza sakafu alilichukua akalifanya "adui", si kwa ubaya, ndilo lililokuwa karibu na maana yake ya kawaida. Hawa anasema yeye angelifasiri "kizuizi".

"Kama kile cha polisi?" nikamuuliza. Maana kizuizi sisi tunakijua, Mzee amemaliza nusu ya maisha yake hapo kwenye kizuizi cha kutoka mjini, akingoja gari za msafara.

"Karibu na hicho," akasema. Akaanza kunieleza mwili umejengwa na vitu vidogo sana vinaitwa seli. Nikamwambia seli ni za polisi, sasa umeleta kizuizi na seli, mama yako aliugua au alikamatwa? Alicheka, abaayo. Alicheka kicheko chako, kile kinachoanza puani. Sikuwa nimekisikia tangu wewe.

Nitakueleza nilivyoelewa, na nikikosea Hawa atanisahihisha. Hizo seli hazikai kimya, zinatumiana maneno. Moja inaiambia nyingine, kua. Nyingine inaiambia, basi, inatosha, acha kukua. Kwa maneno hayo titi linabaki titi, sikio linabaki sikio. Sasa mwilini kuna kitu kingine ambacho kazi yake ni kudaka baadhi ya maneno hayo yakiwa njiani, ili yasifike yote kwa pamoja. Ni cha mwili wenyewe. Hakikutoka nje, hakikutumwa na mtu. Kila mmoja wetu anavyo vya namna hiyo, na vina faida yake. Lakini katika uvimbe kama wako, daktari alikuwa anadhani, kimetengenezwa kikazidi. Kikizidi kinadaka kila neno la "basi". Zile seli hazisikii "basi". Zinaendelea kukua, hazina ubaya wowote, hazijaambiwa tu.

Daktari akamwambia pia asimdanganye mtu kwamba hilo limethibitishwa. Watu wa maabara ndio kwanza wanaanza kuliona, na kwa mwili wa mama yake yeye hawezi kuapa. Kilichomtoka kinywani siku ile kilikuwa dhana. "Lakini ninachoweza kuapa," akasema, "sikumtaja binadamu yeyote."

Hawa alipofika hapo alikuwa ananitazama usoni kuona kama nimeelewa. Mimi nilikuwa nimeweka mkono mdomoni. Nikamwambia, "Akko Dira."

Akadhani nimechanganyikiwa. Nikamwambia, "Mwanangu, hicho kitu ni Akko Dira na kamba!" Yeye alikuwa mdogo, hakumbuki. Wewe unakumbuka.

Nilimsimulia tangu mwanzo. Kwamba wewe ulikuwa Kulamawe na ngamia, mimi hapa na wanunuzi, na lori la Mzee katikati. Wewe hukujua kusoma, kwa hivyo vibuyu vitupu nilivirudisha na kamba ya gunia shingoni. Kamba yenye fundo moja: leta kama jana. Mafundo mawili: ongeza. Kamba tupu isiyo na fundo: basi, inatosha. Na mafundo matatu hatukuyatumia ovyo. Matatu yalikuwa: njoo mwenyewe. Nilikufungia matatu mara moja tu, ile mimba yangu iliyoharibika, na ulishuka kwenye lori kesho yake na mbuzi begani, ukasema, "Nani amekufa? Hakuna? Basi tupike."

Nikamsimulia ule mwaka wa mvua nyingi. Maziwa yalikuja mengi, nikatuma kamba tupu. Maziwa yakaja zaidi. Nikatuma tupu, tena tupu, kwa kila kibuyu. Nyumba ikajaa, sufuria zikaisha, nikaweka maziwa kwenye beseni la kufulia, nikawapa majirani, nikawapa paka, paka wakaanza kunikimbia. Nikasema huyu mwanamke ananidhihaki. Nikapanda lori na hasira yangu yote, nikifika nakukuta na yako imeiva: "Wewe mbona umenyamaza? Vibuyu vinarudi shingo uchi! Nitajuaje umetosheka?" Tukatazamana. Tukaenda kuangalia pale lori linaposhusha vibuyu, kwa jirani yako Akko Dira. Tukamkuta bibi wa watu amekaa na bonge la kamba mapajani. Siku zote alikuwa akichukua moja au mbili za kufungia mikeka ya nyumba yake, na hakuna kilichoharibika, maana zilizobaki zilikufikia. Lakini mwaka ule alikuwa anamjengea mjukuu nyumba ya arusi. Alichukua zote. Akatuambia, "Kamba nzuri sana. Nilifikiri Safia ananitumia."

Tulicheka mpaka tukaketi chini. Hukumwita Akko adui. Ulimpa kibuyu cha maziwa, ukamwomba atuachie angalau moja.

Hawa akasema daktari angefurahi kukutana na Akko Dira. Halafu nikajikaza nikamuuliza lile la kwangu, ile dua ya Idi. Sikumficha neno. Nikamuuliza, mwanangu, wewe umesoma, neno la mtu linaweza kuingia huko ndani likafanya kazi hiyo? Akanitazama na yale macho yako ya kukagua ngamia mnadani. "Mama Taoni," akasema, "kama maneno ya wake wenza yangeleta ugonjwa huu, Isiolo nzima ingekuwa imelazwa, na wodi isingetosha."

Abaayo, nilicheka huku nalia. Siku yako ya kufa ilikuwa imeandikwa na Mwenyezi Mungu, hilo nalishika kama nilivyolishika, na ile dua ya kijinga nimeiombea toba upya, dua mbaya ni dhambi hata isipofika. Lakini kuna mzigo uliokuwa kati ya mabega yangu, pale mkono haufiki, umeshuka. Jumapili nililala mpaka adhana ikanikuta. Mzee akadhani nimeugua.

Sijamaliza. Nilidhani Hawa amemaliza, yeye ndiyo kwanza alikuwa anaanza. Aliweka kikombe chini. Akafungua kile kijisanduku chake cha bati, akatoa kitambaa, na ndani ya kitambaa kamba ya gunia, imekuwa nyeusi kwa kushikwa. Akaiweka mapajani mwangu. Nikahesabu kwa kidole kabla ya macho.

Mafundo matatu.

Akasema ulimwomba kamba wiki ile ya mwisho. Mikono yako ilikuwa haina nguvu, ukafunga kwa meno. Ukaifunga shingoni mwa kibuyu mwenyewe, ukamwambia akipeleke kwenye lori. Yeye alikuwa na miaka kumi na saba na alikuwa amesikia ya Guyo asubuhi na jioni. Alifika kwenye lori, akaangalia ile kamba, akasema moyoni, adui hawezi kuitwa. Akaifungua. Kibuyu kikaja shingo uchi. Nilikipokea, abaayo. Nilikigeuza geuza nikitafuta, nikasema, hata kamba hakunitumia. Ameamini.

"Mimi ndiye niliyeidaka," Hawa akasema. "Sikuweza kuitupa. Nilijaribu mara nyingi."

Ungeniuliza zamani ningefanya nini kwa mtu aliyezuia neno lako la mwisho lisinifikie, ningekujibu kwa hasira. Lakini alikuwa amekaa pale, kofia yake ya uuguzi imepinda, na nilichokiona ni mtoto aliyekuwa anamlinda mama yake kwa kitu pekee kilichokuwa mkononi mwake. Adui gani huyo? Nilimvuta kichwa nikakilaza hapa begani. Nikamwambia imefika. Imechelewa tu, lakini imefika.

Kwa hivyo hukuamini. Ulisikia yote nyuma ya pazia na hukuamini. Uliniita. Nasema tena ili nijisikie nikisema: uliniita.

Nalilia pia kwamba sikuja, sitakuficha. Ningekuja hata kwa miguu. Lakini hicho ni kilio cha kawaida, kilio cha kufiwa, mtu anaweza kukaa nacho na kupika nacho. Kile kingine kilikuwa hakikaliki.

Jumanne Hawa alikwenda Kulamawe kumweleza Guyo. Anasema alimsikiliza hadi mwisho akichora chini na fimbo, kisha akasema, "Mimi nilibeba neno vile nilipewa." Lakini jana lori limekuja na kibuyu ambacho sikukiagiza, maziwa ya ngamia aliyezaa juzi, yamefukizwa moshi vizuri kama mlivyokuwa mkifukiza nyumbani kwenu. Dereva akasema ni cha Guyo. Nimekunywa. Leo nimekirudisha, na shingoni nimefunga kamba yenye fundo moja. Anajua maana yake, alikulia kwenye vibuyu hivyo. Leta kama jana.

Sasa ahadi yangu. Kila mwanamke anayekuja kwangu na chombo cha maziwa, kabla sijampimia nitamuuliza kama kuna mahali pagumu kifuani, na akisema ni maziwa yamelala nitamwambia habari ya mbegu ya kunazi. Hawa amenifundisha namna ya kujipapasa mwenyewe, kwa vidole bapa, kila mwezi, na nimejipapasa mbele yake nikiona haya kama bibi arusi. Hakuna kitu. Wengine wataona haya pia. Waone tu haya, lakini waende hospitali. Na Hawa ni wangu sasa kama alivyokuwa wako, hilo halihitaji ahadi lakini naliandika.

Ijumaa wiki ijayo, Mungu akipenda, tutakuja wote wawili. Nitasimama pale kwenye uzio wa makaburi na kukusomea barua hii kwa sauti, maana hukuwahi kujifunza herufi hata nilipokubembeleza, ulisema kichwa chako kimejaa majina ya ngamia. Kamba nimeifunga kwenye ufunguo wa sanduku langu. Haifunguliwi tena.

Mungu akupe nafasi na nuru huko, abaayo, akuandikie wema kwa kila kibuyu. Namalizia kwa yale maneno uliyokuwa ukiniamuru niyaandike chini ya kila barua yako, hata ile ya kwa chifu, nikawa nakuonea haya kuyaandika. Leo siyaonei haya. Nijibu upesi, na usijifanye huna kalamu.

Ni mimi mke mwenzako,
Safia